Kila kipande kizuri peke yake, nikivipanga pamoja naona vurugu: je, nifumue vyote?

"Shikamoo mwalimu. Nilijifunza kufuma kwa kroshia mwaka jana, na tangu hapo nimefuma vipande 48 vya mraba vyenye duara katikati, kila kimoja mizunguko minne na rangi nne. Nataka kuviunga viwe blanketi la kutupia juu ya kochi. Rangi ninazo tisa: nyekundu, chungwa, njano, pinki, kijani, buluu, zambarau, samawati na rangi ya maziwa. Kila kipande nikikishika mkononi nakipenda. Jana usiku nilivipanga sakafuni nikashindwa hata kuvitazama: vurugu tupu, macho hayapati pa kutulia. Tena havilingani, vingine sentimita 11.5, vingine 13. Sita vimejikunja kama bakuli na vinne vina mawimbi pembeni. Baadhi ni pamba, baadhi akriliki. Rafiki yangu anasema rangi tisa ni nyingi, nibaki na tatu. Dada yangu anasema nipige pasi tu, vitanyooka. Mimi nahisi sina jicho la rangi. Nifumue vyote nianze upya?"

Marahaba, mdogo wangu. Usifumue vyote. Kwa jinsi ulivyoeleza, kuna vipande kumi vya kufumua, tena si mpaka kwenye kitanzi cha kwanza, na hivyo 38 vingine vinadai mzunguko mmoja tu wa ziada. Nitakueleza ni mzunguko gani na kwa nini, maana ukiuweka bila kujua sababu yake, blanketi la pili litakurudisha hapahapa.

Unayolalamikia ni mambo matatu yaliyokufikia usiku mmoja: rangi hazipatani, vipande havilali, na vipimo havilingani. Yakija pamoja hivyo mtu huona kazi nzima imeharibika. Kumbe kila moja lina chanzo chake, na dawa ya moja haitibu jingine. Pasi ya dada yako haitagusa rangi, na rangi tatu za rafiki yako hazitanyoosha bakuli hata moja.

Nianze na rangi, kwa kuwa ndiyo iliyokufanya ujilaumu. Rangi tisa si nyingi. Nimewahi kufuma blanketi la rangi ishirini na mbili, mabaki matupu ya nyuzi, likatulia kama maji mtungini. Nimeona pia kazi ya rangi tatu tu, nyekundu, kijani na chungwa, ambayo huwezi kuitazama dakika nzima bila kupepesa macho. Idadi haisemi kitu. La kuuliza ni kila rangi imepewa eneo kiasi gani, na imekaa jirani na nani.

Chukua kipande chako kimoja ukilaze mbele yako. Rangi ipi imechukua nafasi kubwa kuliko zote? Wafumaji wengi hutaja ile ya katikati, kwa sababu ndiko walikoanzia na ndiko duara linakovutia jicho. Sasa hesabu. Tuseme mizunguko yako minne ina upana sawa. Ukigawa eneo lote la kipande mafungu 16, mzunguko wa kwanza unapata fungu 1, wa pili mafungu 3, wa tatu 5, wa nne 7. Rangi ya nje peke yake imekula karibu nusu ya kipande. Ile ya katikati, uliyoichagua kwa makini kuliko zote, ina sehemu moja tu ya kumi na sita.

Nakisia kilichotokea, kwa kuwa hata mimi nilianza hivyo: ulichagua katikati kwa mapenzi, mzunguko wa pili kwa fikra, wa tatu kwa haraka, na wa nne ukamalizia na uzi wowote uliokuwa juu kwenye kikapu. Kikiwa mkononi, kipande hicho hakina jirani, kinazungukwa na kiganja chako. Kikilazwa sakafuni kinapakana na vinne pande zote, na kila kimoja kimevaa mpaka wa rangi yake. Mpaka mwekundu umekutana na wa kijani, wa chungwa na wa pinki, na mahali pengine mipaka miwili ya buluu imegusana ikawa bonge moja kubwa ambalo hukulipanga. Maua yako yote bado yapo. Kinachoonekana kwanza ukiwa umesimama ni mipaka 48 inayogombana.

Jambo hili la ujirani lina historia inayonifurahisha kila nikiisimulia. Mwaka 1824 mkemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, alipewa kusimamia utiaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Mafundi walimlalamikia kwamba uzi mweusi wa kiwandani hapo ni dhaifu, hasa unapotumika kuweka vivuli kwenye sehemu za buluu na zambarau. Chevreul akaulinganisha na nyuzi nyeusi za mahali pengine, akakuta weusi wake hauna kasoro. Uzi haukuwa mbovu. Ulikuwa umekaa karibu na buluu, na jicho la mtazamaji likaupaka, bila yeye kujua, kivuli cha rangi iliyo kinyume cha buluu, yaani ya kuelekea chungwa. Mweusi wenye kivuli cha chungwa huonekana umechujuka kama shati la zamani. Akalichunguza jambo hilo kwa miaka, na mwaka 1839 akachapisha kanuni yake: rangi mbili zikiwekwa pamoja, kila moja humsukuma mwenzake mbali nayo, kwa rangi na kwa uzito, yaani giza au weupe wake.

Nawe unaweza kuliona hilo leo bila maabara. Weka uzi wako wa pinki juu ya ule wa zambarau, halafu uuweke juu ya ule wa maziwa. Kwenye zambarau pinki itang'aa na kuonekana nyepesi. Kwenye maziwa itaonekana imekolea, karibu ya waridi iliyoiva. Pinki ni ileile. Kwa hiyo unapojiambia huna jicho la rangi, naona jicho lako linafanya kazi vizuri kabisa. Limekataa vurugu tangu lilipoiona. Hujaonyeshwa tu jinsi ya kupanga majirani.

Kuna kipimo kimoja ninachowapa wanafunzi wote, nacho kinatumia simu tu. Panga nyuzi zako tisa mstari mmoja karibu na dirisha, mchana, si chini ya taa. Piga picha, kisha igeuze iwe ya nyeusi na nyeupe. Hapo rangi imeondoka, umebaki uzito wake. Njano na maziwa zitaelekea weupe. Buluu na zambarau zitazama kwenye giza. Na mara nyingi utashangaa kuona nyekundu na kijani, ambazo ukizitazama kwa macho ziko mbali kama mbingu na ardhi, zimekuwa kijivu kimoja. Rangi mbili kali zenye uzito sawa zikigusana, jicho halijui mpaka wao uko wapi, ndiyo maana ukingo wake unaonekana kama unatetemeka. Hilo ndilo unaloliita "macho hayapati pa kutulia". Na kinyume chake ni kibaya vilevile: pinki hafifu iliyozungukwa na samawati hafifu, zote kijivu kilekile cheupe, ni ua litakalopotea ukirudi nyuma hatua tatu.

Basi kanuni yangu ndani ya kipande ni hii: mzunguko unaofuata uwe mzito au mwepesi zaidi kuliko uliopita, kwa tofauti inayoonekana kwenye picha isiyo na rangi. Ukishika hiyo, aina ya rangi uchague kwa mapenzi yako tu. Njano na chungwa zile zinazowaka zipe nafasi ndogo, mzunguko wa kwanza au wa pili. Si kwamba ni mbaya. Zinafika mbali hata zikiwa kidogo.

Kwa vipande vyako vilivyokwisha kufumwa, dawa ni fremu. Ongeza mzunguko wa tano, rangi moja, kwenye vipande vyote 48. Rudia hesabu ya mafungu: sasa kipande kina mafungu 25, na mzunguko wa tano umechukua 9. Zaidi ya theluthi moja ya blanketi zima itakuwa rangi moja. Mipaka iliyokuwa inagombana haitagusana tena, na kila kipande kitarudi kuwa kama kilivyokuwa mkononi mwako, kimezungukwa na kitu kimoja tulivu.

Fremu ipi? Hapa kuna hiari mbili za kweli. Fremu nzito, kama buluu iliyokolea au kijivu cha mkaa, huzifanya rangi za ndani ziwake kama vioo vya rangi dirishani. Inaficha uchafu wa kochi. Ubaya wake, utafuma mizunguko 48 ya uzi wa giza, na usiku vitanzi vyake havionekani; fanya mchana au uweke kitambaa cheupe mapajani. Tena vipande vyako vilivyomalizikia na buluu au zambarau vitazama humo, mzunguko wa nne usionekane. Fremu ya maziwa hulainisha kila kitu na kulifanya blanketi lionekane jepesi, lakini hufanya rangi kali zionekane zimekolea zaidi, na vile vilivyomalizikia na njano vitafifia pembeni. Kwa rangi zako ningechagua maziwa, kwa sababu unazo nyingi zinazowaka na fremu nzito ingezidi kuziwasha. Lakini kabla ya kununua uzi wote, fuma fremu kwenye vipande vinne tu, viwili maziwa, viwili buluu nzito, uvilaze juu ya kochi lenyewe usiku mmoja. Asubuhi utajua.

Ukiwa unanunua, angalia namba ya kundi la rangi kwenye karatasi ya bunda la uzi. Nyuzi za jina moja la rangi zilizotiwa rangi siku tofauti hutofautiana kidogo, na tofauti hiyo huonekana vizuri zaidi kwenye fremu kuliko mahali pengine popote. Kukadiria kiasi, tumia mizani ya jikoni: pima kipande kabla ya fremu na baada yake. Tuseme kilikuwa gramu 14 kikawa 22. Fremu imekula gramu 8, mara 48 ni gramu 384. Ongeza za kuungia, usiondoke na chini ya gramu 450, zote za kundi moja.

Sasa bakuli na mawimbi. Hili ndilo jambo ninalolipenda kuliko yote katika kroshia, kwa sababu watu huliona kama bahati mbaya ilhali ni hesabu tupu.

Duara likikua, ukingo wake lazima urefuke kwa kipimo maalumu. Ukiongeza sentimita moja kutoka katikati kwenda nje, ukingo unadai kama sentimita 6.28 zaidi, iwe duara ni dogo kama kifungo au pana kama meza. Kishono kifupi, kile unachoingiza kroshia (ile sindano ya ndoano) bila kuzungusha uzi kwanza, kina urefu unaokaribiana na upana wake. Kwa hiyo kila mzunguko wa vishono vifupi unadai nyongeza ya vishono 6. Nguzo, ile unayozungusha uzi mara moja kabla ya kuingiza kroshia, ina urefu kama mara mbili ya upana wake. Inasukuma ukingo mbali mara mbili, basi inadai nyongeza mara mbili: 12 kila mzunguko. Ndiyo maana duara la nguzo huenda 12, 24, 36. Aliyebuni namba hizo hakuzitoa hewani.

Ukipunguza, ukingo unakuwa mfupi kuliko nafasi yake, unavuta kila kitu juu: bakuli. Ukizidisha, ukingo unakuwa mrefu kuliko nafasi, hauna pa kwenda, unapanda na kushuka: mawimbi. Mwanahisabati Daina Taimiņa wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, mwaka 1997 alizidisha vishono kwa makusudi, kwa mpangilio maalumu, akapata maumbo yenye mawimbi ya kufundishia aina ya jiometria ambayo wanafunzi wake hawakuweza kuishika kwa mkono. Kwa hiyo vile vinne vyako vyenye mawimbi vina heshima yake, ila si kwenye blanketi.

Chukua moja ya bakuli zako, uhesabu mzunguko wa kwanza, kisha wa pili, kisha wa tatu. Nakuhakikishia kama si 10 badala ya 12 basi ni 22 badala ya 24. Kosa la kawaida ni mwanzo wa mzunguko: ule mnyororo wa vitanzi vitatu unaopandia juu unahesabiwa kama nguzo ya kwanza. Usipouhesabu utaongeza nguzo ya ziada kila mzunguko, na ukisahau kufuma juu yake mzunguko unaofuata, utapoteza moja. Fumua mpaka mzunguko wenye kosa, si zaidi, ufume upya.

Kuna chanzo kingine ambacho huwaumiza watu wanaofuata maelezo ya nje. Wamarekani na Waingereza hutumia majina yaleyale kwa vishono tofauti. Kile ambacho Mmarekani anakiita dabo (double) ni nguzo. Dabo ya Mwingereza ni kishono kifupi, na nguzo yeye anaiita trebo (treble). Ukisoma maelezo ya Kimarekani ya dabo 12 kila mzunguko ukafuma vishono vifupi, umeweka nyongeza mara mbili ya inayotakiwa, utapata mawimbi. Ukisoma ya Uingereza ya dabo 6 ukafuma nguzo, umepata bakuli. Kama vipande vyako vilivyoharibika vimetoka kwenye maelezo ya mahali pawili tofauti, ningeanza kutafuta hapo. Maelezo mazuri husema mwanzoni ni ya nchi ipi. Yasiposema, tafuta neno singo (single): Waingereza wa siku hizi hawatumii jina hilo, kwa hiyo ukilikuta kwenye maelezo ya karibuni ujue ni ya Kimarekani.

Mahali pa pili panapoharibu vipande kama vyako ni pale duara linapogeuzwa mraba. Pembe ya mraba iko mbali na katikati kuliko ubavu wake, kwa kipimo cha karibu 1.41. Duara la nusu kipenyo cha sentimita 4 liko sentimita 4 kutoka katikati hadi ubavuni, lakini pembe inatakiwa kufika 5.7. Kishono cha urefu mmoja hakiwezi kufika kote kuwili. Kwa hiyo tunapanga vishono kwa kimo, kama watoto kwenye picha ya darasa, warefu pembeni na wafupi katikati. Kwa duara la nguzo 36, mimi hufuma hivi: kwenye nguzo ya pembe naweka nguzo ndefu mbili (zile za kuzungusha uzi mara mbili), mnyororo wa vitanzi viwili, nguzo ndefu mbili tena, zote ndani ya kishono kimoja. Kisha nguzo moja, nusu nguzo mbili (kimo chake ni kati ya nguzo na kishono kifupi), vishono vifupi viwili, nusu nguzo mbili, nguzo moja, nimefika pembe inayofuata. Mara nne. Pembe zitabaki za mviringo kidogo. Mzunguko wa tano, yaani fremu yako, utazinyoosha ukiweka nguzo mbili, mnyororo wa vitanzi viwili, nguzo mbili kwenye kila pembe. Jumla ya nguzo 16 za nyongeza. Ndizo mraba unazodai kulala bapa, kwa hesabu ileile ya ukingo.

Vipimo kutolingana, 11.5 hadi 13, ni suala la mkono. Ukiingiza kroshia na kuvuta uzi, kile kitanzi cha kwanza unachokipandisha ndicho kinachoamua kimo cha kishono kizima. Siku umechoka unakivuta kifupi, siku unapiga soga unakivuta kirefu. Tofauti ya milimita moja kwa kila mzunguko, kwa mizunguko minne, pande mbili, ni milimita 8. Hivyo ndivyo kipande cha 12 kinavyokuwa 12.8 bila kosa lolote la hesabu. Usijilazimishe kukaza au kulegeza, badilisha kroshia. Kama leo vinatoka vidogo na unatumia ya milimita 4, chukua ya 4.5 uache mkono wako ufanye kama ulivyozoea.

Na fremu itakusaidia hapa pia. Vile vya sentimita 13 vifumie fremu kwa nusu nguzo, vya kati kwa nguzo ya kawaida, vile vidogo kwa nguzo uliyoivuta ndefu au kroshia ya saizi inayofuata. Idadi ya vishono kila upande iwe ileile kwenye vyote, la sivyo kuunga kutakutoa jasho. Vyote vitasogea karibu na sentimita 15, na kwa safu sita kwa nane utapata blanketi la sentimita 90 kwa 120.

Sasa pasi. Tafadhali, kabla dada yako hajaichomeka, soma hapa. Akriliki ni plastiki. Ikiguswa na pasi ya moto inalegea, inapoteza uhai wake, inakuwa bapa na kung'aa, na hakuna njia ya kuirudisha. Pamba inavumilia mvuke na joto bila shida, lakini wewe umechanganya. Njia salama kwa vyote: lowesha kipande kwa maji ya kunyunyiza, kilaze juu ya taulo au ubao laini, kibane kwa pini zisizoshika kutu, pembe nne kwanza kisha katikati ya kila upande, kwa kipimo kimoja, ukiache kikauke chenyewe. Hiyo inarekebisha tofauti ya kama nusu sentimita, na inafanya kazi vizuri zaidi kwenye pamba kuliko akriliki. Bakuli lililokosa nguzo mbili halitanyooka kwa pini wala kwa pasi. Likikauka litajikunja tena.

Kuhusu mchanganyiko huo wa pamba na akriliki, nitakuwa mkweli: hainipendezi, lakini hailazimishi kufumua. Pamba ni nzito, hainyumbuki, na nyingine husinyaa kidogo zikifuliwa mara ya kwanza. Akriliki inabaki kama ilivyo. Kipande kimoja chenye zote mbili kinaweza kukunjamana kikifuliwa. Chukua kimoja chenye mchanganyiko huo, kifue kama utakavyolifua blanketi, kikaushe, kipime. Kikibaki na umbo lake, endelea. Kikiharibika, tenga: vya pamba viwe mto wa kochi, vya akriliki viwe blanketi. Katika vipande 48 una vya kutosha kwa vyote viwili, na huenda hilo likawa bora kuliko ulivyopanga.

Jaribu pia uzi mwekundu na wa zambarau kama vinachuja, hasa vya pamba. Lowesha kipande cha uzi, kifunge kwenye kitambaa cheupe chenye unyevu, kibane dakika kumi. Hili silisemi kutoka vitabuni. Kitambaa changu cha kwanza cha meza kilikuwa na maua ya rangi ya damu ya mzee juu ya nyeupe, kazi ya miezi minne. Nilikifua mara moja, kikatoka cha pinki chote, tena pinki ya madoa. Kiko kabatini mpaka leo, kimefunikia sanduku la nyuzi.

Kupanga kabla ya kuunga: usichanganye ovyo ukategemea bahati. Bahati huwa inarundika, itakupa vitovu vitano vyekundu kona moja. Tumia sharti moja tu, kwamba vipande vyenye rangi ya katikati moja visigusane, hata kwa pembe. Piga picha, ondoka, rudi baada ya chakula. Ukiridhika, weka karatasi yenye namba kwenye kila kipande na uzitunge safu kwa uzi, maana paka na watoto hawajui mpangilio wako. Kuunga kwenyewe, sindano na uzi wa fremu hulala bapa. Kishono kifupi cha kroshia huacha tuta ambalo wengine hulipenda. Mimi hutumia sindano.

Na kwa blanketi lijalo, usinunue rangi zaidi. Ukiwa na rangi tano za ndani na mizunguko mitatu ya ndani, bila kurudia rangi ndani ya kipande, unapata mara 5 kwa 4 kwa 3, yaani vipande 60 visivyofanana hata viwili. Fremu iamue kabla ya kipande cha kwanza. Na mikia ya nyuzi ifiche kila umalizapo kipande, uiache ya sentimita 15 na kuipitisha pande tatu tofauti. Wewe sasa hivi una mikia 384 kama hukuificha. Pole sana.

Yapo mawili nisiyoweza kukusaidia kwa maandishi. La kwanza ni mkono wako. Kama hesabu zako ni sahihi na bado vipande vinajikunja, kaa na mfumaji mzoefu nusu saa, ufume mbele yake bila kuzungumza. Namna uzi unavyopita kwenye vidole haionekani kwenye picha ya kazi iliyokwisha, lakini mtu aliyekaa kando yako ataiona kwenye safu ya kwanza. La pili ni afya. Vipande 48 ni mwendo mrefu kwa kifundo cha mkono. Maumivu yanayoisha ukipumzika ni ya kawaida, badilisha mshiko na usimame kila baada ya vipande viwili. Lakini ganzi au mchonyoto kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa unaokuamsha usiku, ni dalili kwamba mshipa wa fahamu unabanwa kwenye kifundo. Hapo weka kroshia chini uende kwa daktari mapema; ukiachiwa muda mrefu, nguvu ya mkono inaweza kupungua.

Vile vinne vya fremu ya majaribio ndivyo ningeanza navyo, kabla ya kugusa bakuli.